Nguvu na Njia Yake ya Kutokea

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze leo, alinipendekezea mada ya nafasi ya msomi katika utumishi wa umma. Nilimshukuru, nikaiweka barua yake mezani siku tatu. Mada hiyo mmekwisha isikia katika mikutano iliyopita, na waliotangulia waliizungumza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Kwa hivyo niliomba ruhusa nizungumze juu ya injini ya gari. Hasa injini yenye tabo, na namna ya kuilinda isije ikavunjwa na hewa yake yenyewe. Katibu alicheka, lakini alinikubalia.

Mimi si mhandisi. Mtoto wa Mlandege mimi, nilitoka skuli hii nikenda Chuo Kikuu, na tangu hapo kazi yangu ni mafaili na bajeti. Lakini katika jambo hili la tabo nimelipa ada kubwa. Na aliyelipa zaidi yangu ni mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye sitamtaja jina kwa sababu yumo humu ukumbini na hapendi kutajwa. Nimemwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa. Alinijibu, "Sema, lakini usikosee fizikia." Basi nitajitahidi.

Kwanza tuelewane tabo ni kitu gani. Injini hula mafuta na hewa. Mafuta ni rahisi kuyaongeza. Hewa ndiyo tatizo, kwa sababu silinda ina ukubwa wake na haitanuki. Moshi unaotoka kwenye injini hutoka moto sana na kwa kasi, na katika gari ya kawaida nguvu hiyo hupotea bure. Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mtaimbo mmoja. Moshi huizungusha feni ya kwanza. Feni ya pili, iliyo upande wa hewa safi, huzunguka pamoja nayo na kuisukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Katika gari ndogo mtaimbo huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao umeshikiliwa na utando mwembamba wa oili tu.

Aliyebuni mpango huu ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1905. Wazee wetu watakumbuka kusimuliwa kwamba reli yetu ya Bububu, ya kama maili 7, ilijengwa miaka hiyo hiyo ya 1904 na 1905. Nawataja pamoja kwa sababu moja. Kila kichwa cha treni ya mvuke kilikuwa na vali ya usalama juu ya birika lake: mvuke ukizidi kipimo, vali hufunguka wenyewe ukatoka. Hakuna dereva wa treni mwenye akili aliyeikaza vali ile ili apate mwendo, maana alijua birika litapasuka naye yupo nyuma yake. Injini ya tabo nayo ina vali zake. Lakini sisi wenye magari ya leo, kwa kuwa hatuuoni mvuke, tunazikaza.

Maradhi ya tabo ninayotaka kuyaeleza ni mawili.

La kwanza ni presha kuzidi. Hapa usawa wa bahari hewa inayotuzunguka ina uzito wa karibu ratili 15 kwa kila inchi ya mraba. Tabo ya gari ndogo huongeza juu yake, tuseme, ratili 12. Mwanafunzi aliyewahi kutia upepo baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa ikibanwa hupata moto, hiyo ni sheria. Hewa ya mji wetu yenye digrii 30 ikibanwa kwa ratili 12 hutoka kwenye tabo ikiwa na digrii zaidi ya 100. Ndiyo maana magari mengi yamewekewa rejeta ya hewa, ambayo mafundi huiita intakula, kuipoza kabla haijaingia kwenye injini. Ukipandisha kutoka ratili 12 hadi 18, joto linakaribia digrii 140, na rejeta ile ile haiwezi tena. Katika injini ya petroli, hewa moto na presha kubwa huyafanya mafuta yalipuke wenyewe kabla ya wakati wake. Mtu husikia sauti kama kokoto zikitikiswa ndani ya debe. Kila kokoto moja ni nyundo juu ya kichwa cha pistoni.

Ili presha isizidi, watengenezaji wameweka mlango mdogo upande wa moshi. Mafundi huuita westigeti. Mlango huo unafunguliwa na fito inayotoka kwenye kopo la bati, na ndani ya kopo mna springi na ngozi ya mpira. Kimpira chembamba huleta hewa ya tabo mpaka kwenye kopo. Presha ikifika kipimo, husukuma ngozi, fito husogea, mlango hufunguka, na sehemu ya moshi hupita pembeni bila ya kuizungusha feni. Tabo inapungua kasi yenyewe. Na hapa wanafunzi nisikilizeni: kimpira kile kikichomoka au kikipasuka, mtu angedhani presha itapungua kwa kuwa kuna mahali panavuja. Kinyume chake ndicho hutokea. Kopo halipati habari, mlango haufunguki, na tabo huendelea kusukuma isijue pa kuachia. Uvujaji mdogo wa hewa mahali pale huleta presha kubwa mahali pengine.

La pili ni hewa kurudi nyuma. Feni ya hewa inasukuma mbele, na mbele kuna presha inayotaka kurudi. Kinachoishinda presha hiyo ni hewa kuendelea kupita. Sasa dereva wa gari ya petroli yuko kasi, tabo inavuma, ghafla anaondoa mguu. Kilango cha kuingizia hewa kwenye injini kinafungwa. Hewa inayokuja kwa kasi inakuta ukuta. Mmewahi kufunga bomba la maji ghafla mkasikia linagonga ukutani? Ni jamaa yake huyo. Feni haiwezi tena kuishika hewa, hewa inarudi nyuma kupitia feni, presha inashuka, feni inaishika tena, inarudi tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Nje utasikia mpapatiko kama wa njiwa aliyekurupushwa darini. Vijana wengine wanaupenda mlio huo. Lakini kila mpapatiko ni kofi kwenye feni na msukumo kwenye beringi inayouzuia mtaimbo usiende mbele na nyuma.

Kinga yake ni vali ya kupumulia. Dereva akiondoa mguu, ombwe linalotokea ndani ya injini huivuta vali ikafunguka, na hewa iliyobanwa ikapata njia. Katika magari mengi njia hiyo huirudisha hewa kwenye mdomo wa tabo, wala haitupi nje. Hiyo ina maana yake. Gari hizo huipima hewa inapoingia, na kompyuta huandaa mafuta kwa kipimo hicho. Ukiitupa nje hewa iliyokwisha pimwa, mafuta yanakuja bila ya hewa yake, na injini inatoa moshi mweusi kidogo kila unapobadilisha gia. Dizeli ya kawaida haina kilango kile cha kuzibia hewa, ndiyo maana haihitaji vali hii kwa mguu unaoondolewa.

Lakini dizeli nayo haikusalimika. Umeme wetu ulipokatika Disemba 2009 na tukakaa gizani mpaka Machi 2010, mimi nilikuwa kijana katika ofisi moja iliyokuwa na jenereta kubwa ya dizeli yenye tabo. Siku hizo tulilijali lile jenereta kuliko mkurugenzi. Kila mchana watu walipozima viyoyozi kwa pamoja kwenda kuswali, lilikuwa likibweka: bwe, bwe, bwe, kisha linatulia. Mzee aliyelilinda, mtu ambaye hakupita skuli hata siku moja, alinionesha chujio la hewa lililojaa vumbi na rejeta ya hewa iliyoziba. Akanambia, "Hili halipumui vizuri, na nyinyi mnalivua mzigo ghafla." Tukasafisha chujio, tukakubaliana kuzima chumba kimoja kimoja, na kubweka kukaisha. Mabaharia wanaoendesha meli kubwa wanalijua hilo sana: meli ikipanda wimbi, rafadha ikatoka majini, mzigo huondoka kwa mkupuo na tabo hubweka vivyo hivyo.

Basi mtu aliyefundishwa na mwalimu wa Fizikia, kisha akafundishwa tena na mlinzi wa jenereta, mngetaraji awe na akili. Sikilizeni nilivyofanya.

Mwaka 2016 nilinunua gari ya petroli yenye tabo, iliyotumika Japani. Ilikuwa nzuri na ilikimbia. Lakini nilikuwa na rafiki mwenye gari kama yangu, nayo ilikimbia zaidi, na ikitoa ule mlio wa "psshh" ambao watoto wa Mlandege wakiusikia husimamisha mpira kutazama. Nikaona haya kupitwa. Nilikwenda kwa fundi wa mtaani kwetu, kijana aliyesoma skuli hii hii nyuma yangu, nikamwambia anipandishie presha. Akanijibu, "Kaka, tabo hii ina kipimo chake, na waliokiweka hawakukosea. Halafu unakwenda wapi na mbio zote hizo? Kisiwa chenyewe kinakwisha." Nilimwona mwoga. Nikatafuta fundi mwengine, asiyenijua.

Huyo wa pili alifanya mambo matatu kwa asubuhi moja. Aliweka kikoki kwenye kimpira cha westigeti ili kopo lidanganywe kwamba presha ni ndogo. Aliitoa vali ya asili akafunga ya kutupa hewa nje, yenye springi ngumu. Na kwa kuwa kompyuta ya gari hukata mafuta presha ikizidi, alifunga kifaa cha kuidanganya nayo isijue. Angalieni vizuri, ndugu zangu: gari ilikuwa na walinzi watatu, na mimi nililipa pesa ili wote watatu wanyamazishwe. Saa ya kuonesha presha sikufunga, kwa sababu niliona ghali.

Wiki tatu nilikuwa mfalme. Njiani nikasikia ule mpapatiko wa njiwa nikiondoa mguu polepole, nikadhani ndio uhodari wenyewe.

Jumamosi moja mchana nikapata habari kwamba dada yake Mwalimu amefariki Makunduchi, na maziko ni baada ya sala ya alasiri. Nilimpigia mwenyewe nikamwambia, "Mwalimu, usihangaike na daladala, mimi nitakupeleka." Tuliondoka mjini baada ya saa nane. Wakati ulikuwa unatosha kwa gari yoyote inayokwenda taratibu. Mwalimu alikaa mbele na tasbihi yake, hakusema kitu. Karibu na Jozani, baada ya yale matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, kulikuwa na lori mbele yetu. Nilikanyaga mafuta nilipite. Nilisikia kokoto ndani ya debe. Sekunde mbili tatu, kisha kishindo, moshi wa buluu nyuma, na gari ikakosa nguvu. Nikaisukumiza pembeni ya msitu.

Sitayasahau yale matayarisho ya Mwalimu kusimama kando ya njia, kanzu imenyooka, akinyoosha mkono kusimamisha magari. Lililotuchukua lilisimama vituo vyote. Tulipofika Makunduchi watu walikuwa wanarudi makaburini, wanakung'uta mchanga mikononi. Dada yake, aliyemlea baada ya mama yao kufa, alikuwa amekwisha zikwa. Mwalimu alikwenda kaburini peke yake akaomba dua. Mimi nilisimama mbali. Hakunilaumu, si siku ile wala baadae, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Gari niliivutisha hadi kwa yule fundi wa kwanza. Aliifungua, akanionesha pistoni moja iliyovunjika katikati ya nafasi za ringi. Alinionesha kikoki: mtikisiko ulikichomoa kimpira chake, na tangu hapo mlango wa moshi haukufunguka hata kidogo. Alinishikisha mtaimbo wa tabo, ukacheza mbele na nyuma. Beringi ilikuwa imekwisha kulika kwa makofi, maana ile springi ngumu haikuwa ikifunguka presha ilipokuwa ndogo. Hakusema "nilikwambia". Aliniuliza tu, "Nirudishe vya asili?" Nikamwambia arudishe vyote.

Baada ya arubaini nilikwenda kwa Mwalimu kumtaka radhi. Akatoka ndani na pampu ya baiskeli, ile ile aliyotuoneshea tulipokuwa Kidato cha Pili. Akaziba mdomo wake kwa kidole, akanambia nisukume. Nilisukuma mpaka mkono ukashindwa na bomba likapata moto. Akasema, "Nilikufundisha kwamba kinachobanwa hutafuta njia. Wewe ulidhani somo lilikuwa la mtihani." Kisha tukanywa kahawa.

Ndugu Mwenyekiti, wapo watakaosema kwamba mashindanoni watu hupandisha presha na hushinda. Ni kweli. Toyota ilishinda Safari Rally ya Kenya miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kwa gari za Celica zenye tabo. Lakini hao hufungua injini baada ya kila shindano, na pistoni zao si kama zetu. Tena hata wao wana kikomo. Mwaka 1995 Toyota hiyo hiyo ilikutwa na tabo iliyotengenezwa kwa hila ili hewa ipenye pembeni ya tundu lililowekwa na sheria, ikafutiwa pointi na kufungiwa kushindana mwaka mzima uliofuata. Wahandisi wale walikuwa hodari kupita sisi sote humu ukumbini.

Kwa hivyo, kwa wale wenye magari ya tabo, na kwa vijana mtakaokuwa nayo, nawaachia haya.

Kwanza, vikagueni vimpira vyembamba vya presha na vya ombwe kila mnapobadilisha oili. Joto huvipasua, na bei yake ni ndogo kuliko ya chakula cha mchana.

Pili, westigeti za kisiwani kwetu hushika kutu kwa chumvi ya bahari. Injini ikiwa baridi, fundi aitie kopo lake upepo kwa pampu ya mkono yenye saa, asizidishe. Fito isogee kwenye kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na irudi yenyewe. Ikikwama, gari isikimbizwe.

Tatu, fungeni saa ya presha na muisome. Nne, chujio la hewa liwe safi, na mkisikia mpapatiko au kubweka, msiupende mlio huo, tafuteni sababu. Tano, baada ya mwendo mkali iacheni injini izunguke kidogo kabla ya kuizima, oili ipate kuipoza tabo. Sita, kompyuta ikikata mafuta, inawaambia jambo. Msiinyamazishe.

Wazee wetu wa ngalawa hawakuwa na tabo, lakini upepo wa ghafla ukija nahodha hulegeza demani, tanga likapumua, chombo kikabaki wima. Hakuna aliyemwita mwoga.

Mimi huko ofisini sasa husaini matengenezo ya magari, na mara nyingine huletewa barua ya kuomba kifaa fulani cha usalama kiondolewe kwa sababu kinachelewesha kazi. Huisoma mara mbili. Kisha huuliza nani alionya, na alisema nini, na kwa nini hakusikilizwa. Kwa kuwa mwaka ule aliyenionya alikuwa mdogo wangu wa skuli, mwenye mikono ya oili, na mimi nilikuwa na shahada.

Mwalimu, kama nimekosea fizikia, nisahihishe mbele ya hawa. Na hilo jengine nakutaka radhi tena mbele yao.